Saa ya mkononi, kipande cha shingoni

Najua nimepotea, hapa kibarazani kumeota majani kama ngitili. Sababu mnaijua, tulikuwa TP. Sisi wanne tulipangiwa Bariadi. Wenzangu walilia kama wametupwa, mimi nilichekelea maana Simiyu ndiyo kwetu, kwa bibi ni Itilima hapo, nauli ya kawaida tu. Sasa tumerudi chuo, nimekaa zangu kimbwetani, na nimeona leo badala ya kuwapa umbea niwape historia. Mwalimu wa historia asipoandika historia ataandika nini.

Ila inaanza na kisa. Mwenzetu mmoja ana dada yake Muscat, akamtumia laptopu na saa janja, vyote mtumba lakini vizima. Ile saa ukiivaa na kukaa mbele ya laptopu, laptopu inafunguka yenyewe, huandiki paswedi. Wiki tatu mfululizo jamaa alikuwa anatutambia nayo. Anakaa, anainua mkono kama mganga, kioo kinawaka. Mama mwenye nyumba alikuwa akipita anasema, "Mwanangu, hiyo ni dawa gani?"

Usiku mmoja ikagoma. Na sio usiku wowote, ni ule ambao kesho yake asubuhi msimamizi kutoka chuo anakuja kumkagua, na azimio la kazi na maandalio yote ya somo yamo humo ndani. Jamaa akavua saa, akavaa, akaizima, akaiwasha, akaipangusa na shati. Wapi. Laptopu inaomba paswedi. Na hapo ndipo tulipogundua balaa lenyewe: paswedi kaisahau! Wiki tatu hajaiandika hata mara moja.

Niwaache hapo kidogo na roho zenu juu.

Hii paswedi ambayo kwenye vitabu wanaiita nywila si ya zamani sana kwenye kompyuta. Mwanzoni kompyuta ilikuwa moja, chumba kizima, unafunga mlango wa chumba basi. Mwaka 1961 pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakatengeneza mfumo ulioitwa CTSS, watu wengi wakitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kila mtu ana mafaili yake na saa zake za matumizi. Utawatofautishaje? Wakampa kila mmoja neno lake la siri. Na wizi haukuchelewa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa PhD aitwaye Allan Scherr alikuwa amepewa saa 4 kwa wiki, hazimtoshi. Akagundua unaweza kuomba faili lichapishwe kwa kupeleka kadi yenye matundu. Akaomba faili la paswedi zote, akachapishiwa, akaanza kutumia saa za wenzake. Alikuja kukiri miaka mingi baadaye. Msidhani kudesa kulianzia bongo.

Tangu hapo watu wanahangaika na jambo hilo hilo: neno la siri linasahaulika, linaibwa, linachosha vidole. Mwaka 2002 Mark Corner na Brian Noble wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa andiko lililosema, mtu avae kifaa kidogo mwilini, kiongee na laptopu kwa redio ya masafa mafupi. Akiwa karibu mafaili yafunguke, akiondoka yajifunge. Hiyo ndiyo saa ya jamaa yetu, kabla haijazaliwa. Kampuni ya Apple iliileta kwa watu wengi Septemba 2016, na mwaka uliofuata Windows nao wakaweka ya kwao ya kujifunga simu yako ikienda mbali.

Ugumu uko kwenye hilo neno "karibu". Kompyuta itajuaje uko karibu? Ukisema ipime nguvu ya mawimbi, mwizi mmoja anasimama na wewe stendi ya Bariadi, mwenzake yuko chumbani kwako, wanarushiana mawimbi, mashine inadhani umekaa mbele yake. Hili si hadithi. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich walifungua magari ya aina 10 kwa ujanja huo, ufunguo ukiwa mbali kabisa. Dawa ilishaandikwa 1993 na Stefan Brands na David Chaum: usipime nguvu, pima muda. Mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, sentimita 30 hivi kwa kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Tuma swali, hesabu jibu limechukua muda gani kurudi. Mwizi anaweza kukuza mawimbi, hawezi kuyaharakisha kuliko mwanga. Ndiyo maana mfumo wa Apple hautumii blututhi peke yake. Blututhi inasalimiana, halafu wai-fai inapima huo muda. (Darasani niliwaeleza Form Three hivi: ukipiga yowe mlimani na mwangwi ukachelewa, mlima uko mbali. Walielewa kuliko nilivyoelewa mimi.)

Na hapo tulikuwa tumejifunga wenyewe. Chumba chetu mtandao unashika dirishani tu. Kwa hiyo simu ya jamaa ilikaa dirishani, imeunganishwa na laptopu kwa waya, na laptopu ndiyo inatugawia sisi wengine watatu bando kwa wai-fai. Masharti ya mifumo hii yanasema wazi kwamba laptopu isiwe inagawa intaneti. Redio ile ile ya kupimia umbali sisi tumeigeuza bomba la mtaa. Kosa ni letu. Siku ile ndiyo tulianza kugawana kwa mtindo huo, hatukuunganisha akili.

Ila hayo tuliyajua baadaye. Kwanza paswedi. Saa 5 usiku jamaa akampigia dada yake, kule saa 6. Dada akacheka, akasema, "Si nilikuwekea jina la ukoo wa bibi na mwaka aliozaliwa baba." Kafungua! Kesho yake akakaguliwa, akapata B+.

Mimi sikulala vizuri, nikawaza historia yetu. Maana kitu cha kuvaa mwilini kinachosema wewe ni nani na kinakufungulia njia hakikuanza 2016. Kenya wakoloni walitunga sheria mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe kipande. Karatasi ina jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara, imo ndani ya kibweta cha chuma, inaning'inizwa shingoni kwa kamba. Bila hicho hupiti, huajiriwi. Mwajiri asipokisaini umefungwa kwake. Harry Thuku alikipinga miaka ya 1921 na 1922, na hakikuondoka mpaka 1947 ilipokuja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Tanganyika nako neno kipande lilikuwepo, kadi ya kazi ya siku 30 kwenye mashamba ya mkonge. Wasukuma wengi walikwenda huko Tanga, na wakaitwa manamba, yaani watu wa namba. Mtu anaondoka nyumbani akijulikana ni mtoto wa fulani, anafika kule ni namba.

Saa ya jamaa inafungua laptopu ya jamaa. Kipande kilimfungulia mwajiri, mvaaji kilimfunga. Ndiyo tofauti ninayoiona, mnaweza kunikosoa kwenye maoni.

Na mwili wenyewe nao unagoma. Saa hizi zinajua zimevaliwa kwa kumulika taa kwenye ngozi. Mwaka 2015 watu wenye michoro mikononi walilalamika kwamba wino unazuia mwanga, saa inadhani imevuliwa. Nilipokisoma hicho nikamkumbuka bibi. Mwaka 2019 laini zote za simu ziliamriwa zisajiliwe kwa alama za vidole, mwisho Desemba 31, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka Januari 20, 2020. Mimi ndiye niliyempeleka kwa wakala. Bibi kachuma pamba tangu msichana, na mnajua makaka ya pamba yanavyochana vidole. Akaweka dole gumba, kifaa kikakataa. Cha shahada, kikakataa. Wakala akamwambia anawe kwa sabuni, akanawa, apake mafuta, akapaka. Vidole kumi vyote. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Bibi akamwuliza yule kijana kwa upole, "Kwani wewe si mtoto wa hapo kwa jirani yetu? Hunijui?" Kijana akasema, "Bibi nakujua, mashine ndiyo haikujui."

Laini ikasajiliwa kwa vidole vya mjomba. Mpaka leo ukimtumia bibi hela, jina linalotokea ni la mjomba, na bibi kila mara ananipigia kuuliza kama nimeona jina gani.