Mshipa wa Mjomba

Mjomba alipakia miwa kwenye trela hapa Navakholo miaka mingi, na mshipa wake chini ya suruali. Uvimbe ukitokea kinenani, anausukuma ndani kwa kiganja, anaendelea na kazi. Aibu ilimfunga mdomo. Siku uvimbe ulipokataa kurudi, utumbo ulikuwa umebanwa, na boda boda ikamkimbiza hospitali usiku. Alipona, lakini kipande cha utumbo kilikatwa.

Wodini, binamu alininong'oneza: kwani hawangetumia ile ya matundu?

Jibu lina historia ndefu. Mwaka 1884, huko Padua, Italia, daktari Edoardo Bassini alianza kushona upya ukuta wa kinena, tabaka kwa tabaka. Kabla yake, ngiri iliyopasuliwa ilirudi mara nyingi tu. Ila uzi wake ulivuta nyama, na kinachovutwa sana hufumuka. Miaka 100 baadaye, Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaacha kuvuta: aliweka wavu, mwili ukaota juu yake. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa ganzi ya mahali pale tu, mgonjwa yuko macho, anapiga stori na daktari.

Miaka ya 1990 matundu yakaenea: matatu madogo, kamera, gesi ya kufungua nafasi, wavu ukawekwa kwa nyuma. Maumivu hupungua, na mtu hurudi kazini mapema. Mwenye ngiri pande zote mbili hufaidika zaidi. Lakini kwa kawaida mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, mashine ni za bei, na daktari lazima awe ameizoea sana. Kwa mikono iliyozoea, ngiri hurudi kwa kiwango kinachokaribiana.

Majirani zetu wa mashariki mwa Uganda walitupa somo lingine. Wanaume 302 walipasuliwa kwa njia ya wazi, wengine kwa wavu wa viwandani, wengine kwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini. Matokeo yalitangazwa 2016: baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu, wa chandarua.

Kwa hiyo, binamu, kilichomponza mjomba si ukubwa wa kidonda. Ni kuchelewa. Siku hizi akiona mpakia miwa ameshika kinena, anamwita kando: "Kijana, enda hosi leo. Usingoje kama mimi."