Tiba ya Serikali, Tiba ya Misheni: Mabishano ya Miaka Tisini katika Nchi ya Waha

Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwahamisha Waha kwa sababu ya afya. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea katika mapori ya Buha, na mbung'o anayeuambukiza hustawi pale ambapo watu ni wachache na vichaka ni vingi. Maofisa wakaona dawa peke yake haitoshi. Familia zilizoishi mbalimbali, kila mji na migomba yake, ziliondolewa na kukusanywa katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa kote, ili mdudu akose kivuli. Mashamba yaliyotunzwa kwa vizazi yakarudi kuwa pori.

Hivyo ndivyo wengi katika wilaya za sasa za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, walivyokutana na tiba ya serikali: kwa amri ya kuhama. Kumbukumbu hiyo ina uzito kila mazungumzo yanapogeukia swali linalosumbua nchi nyingi, yaani kama afya ya raia, na ya askari aliyeitumikia nchi, ibebwe na serikali au iachiwe mashirika na watu binafsi. Katika kata kama Busunzu, wilayani Kibondo, swali hilo halijawahi kuwa na pande mbili tu.

Kabla ya Waingereza, Wajerumani nao walipambana na malale kandokando ya Ziwa Tanganyika. Baada ya msafara wa Robert Koch wa mwaka 1906 na 1907, walianza kuwadunga wagonjwa dawa ya Atoxyl, yenye arseniki, ambayo iliwapofusha baadhi yao. Waingereza walikuja na utaratibu mwingine: katika miaka ya 1920 walianzisha zahanati ndogo zilizolipiwa na hazina za watemi, chini ya wauguzi Waafrika waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida. Kodi ya Muha mwenyewe ndiyo iliyolipa mshahara wa mtu aliyemfunga kidonda. Jambo hili husahaulika sana pale huduma ya umma inapozungumzwa kana kwamba ni zawadi.

Hospitali zenye vitanda na upasuaji, hata hivyo, zilikuja kwa kiasi kikubwa kupitia makanisa. Wakatoliki walijenga Kabanga, Kasulu. Waadventista wakajenga Heri, katika milima ambayo leo ni Wilaya ya Buhigwe. Hospitali hizo mbili zimezalisha, kutibu na kufundisha wauguzi kwa vizazi kadhaa. Kisheria si za serikali, lakini anayeziita biashara binafsi hajawahi kuona mama aliyebebwa kwa machela akifikishwa mlangoni mwa hospitali hizo usiku.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Tanganyika ilitoa zaidi ya wanaume 80,000 kwa jeshi la Mfalme, na wengi walipelekwa mbali hadi Burma. Jeshini askari aliyeumwa alikuwa na daktari, kitanda na dawa. Alipoachishwa alipewa malipo ya kuagia, basi. Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianzisha huduma ya taifa ya afya, bure kwa kila mkazi wake. Askari aliyepigana chini ya bendera hiyohiyo alikuwa amesharudi kwenye zahanati ya mtemi, akiwa na bahati. Mwaka 2018, miaka zaidi ya 70 baada ya vita, Uingereza ilitangaza takriban pauni milioni 12 kuwasaidia askari wazee wa Jumuiya ya Madola waishio katika umaskini. Wengi wao walikuwa wameshazikwa.

Uhuru ulileta mpango wenye nia njema na haraka nyingi. Mwaka 1964 ripoti ya kamati ya Profesa Richard Titmuss wa London ilishauri Tanganyika itie nguvu katika vituo vya afya vijijini badala ya kujenga hospitali kubwa mijini. Azimio la Arusha la 1967 likauvika ushauri wa namna hiyo vazi la siasa. Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingizwa katika operesheni za kuhamia vijiji, kuanzia 1972. Wakazi waliambiwa kwamba wakikusanyika pamoja watapata shule, maji na zahanati. Mzee aliyehamishwa na Mwingereza akiwa mtoto kwa sababu ya mbung'o alihamishwa na serikali yake mwenyewe akiwa na wajukuu. Zahanati zilijengwa kweli, na chanjo zikawafikia watoto ambao zamani wasingefikiwa. Faida hiyo haifuti namna ilivyopatikana, wala ubaya wa namna ile hauifuti faida.

Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyopiga marufuku tiba ya kutafuta faida. Hospitali za dini na mashirika yaliyoidhinishwa ziliruhusiwa kuendelea, kwa hiyo Kabanga na Heri hazikufungwa. Kwa wakazi wa Kibondo marufuku ile ilibadilisha machache, kwa maana madaktari wa kliniki za kulipia walikuwa Dar es Salaam na Arusha.

Mwaka uliofuata Idi Amin wa Uganda aliivamia Kagera. Jeshi la Tanzania lilipanuliwa kwa wanamgambo hadi likapita watu 100,000, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya ushindi wanamgambo walio wengi walirudishwa vijijini. Hospitali kuu ya jeshi iko Lugalo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibondo. Aliyerudi na kipande cha chuma mguuni alipanga foleni zahanati pamoja na jirani zake. Nayo zahanati ilikuwa imeanza kukauka, maana vita na mdororo wa uchumi vilimaliza fedha za kigeni. Kuanzia 1983, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, makasha ya dawa muhimu yalianza kupelekwa katika zahanati na vituo vya afya nchini kote. Kasha likiisha kabla ya mwezi kwisha, mgonjwa aliandikiwa dawa ambayo haipo.

Hapo ndipo nguvu ya hoja ya tiba ya serikali ilipopungua, bila mtu kuishinda kwa maneno. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa na tiba ya faida ikarudi. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali. Mjini ushindani uliota. Buha kilichoota ni duka la dawa. Kwa kaya nyingi za vijijini sekta binafsi ni kaunta ya mbao, muuzaji, na vidonge vya malaria vinavyonunuliwa nusu dozi kwa kuwa fedha haitoshi. Wanaosifu uhuru wa kuchagua mtoa huduma wangefaa kuanza mahesabu yao kwenye kaunta hiyo.

Mwaka huohuo wa 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na wakimbizi wakamiminika Kibondo na Kasulu. Kambi zikaja na madaktari. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilipofunguliwa tena mwaka 2015, Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha hospitali humo bila malipo, na wanavijiji wa jirani nao walitibiwa. Hii haikuwa serikali wala soko, nayo ilitegemea wafadhili ambao wanaweza kupunguza bajeti wakiwa Ulaya.

Mfano bora zaidi ulitoka kwenye mchanganyiko. Kuanzia 2006, katika mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, madaktari wasaidizi na wauguzi Kigoma walifundishwa upasuaji wa uzazi na usingizi ndani ya vituo vya serikali, ili mama asisafirishwe mpaka hospitali ya mbali. Fedha ilitoka nje, jengo na mwajiri wakabaki wa umma, na uwajibikaji ukawa na anwani.

Swali la askari halijaziacha hata nchi tajiri: Marekani, inayowatibu askari wake wastaafu katika hospitali za serikali, ilitikiswa mwaka 2014 ilipofichuka kwamba foleni zilifichwa katika hospitali yake ya Phoenix. Bunge lao likamruhusu aishiye zaidi ya maili 40 kutoka kituo chao aende kwa daktari binafsi. Kanuni hiyo ilidhani daktari huyo yupo.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kabla yake, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF) ulitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka, na wengi walisita kulipa wakikumbuka rafu tupu. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipobadilisha bei unazolipa, hospitali kubwa kadhaa za binafsi zilisimamisha kwa muda kuwahudumia wenye kadi. Mwenye kadi wa Dar es Salaam alihamia hospitali nyingine. Kibondo pa kuhamia ni pachache, kwa hiyo kadi ya Busunzu itakuwa na thamani ya dawa na wauguzi watakaokuwa katika kituo cha umma kilicho karibu, na hivyo vinaamuliwa kila Juni, bajeti inapopitishwa Dodoma.