Mlalamikaji na Mashine: Nusu Karne ya Maadili ya Wahandisi wa Programu

Mwaka 1968 wataalamu wa kompyuta walikutana Garmisch, Ujerumani, chini ya mwavuli wa NATO, kujadili kwa nini programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikizidi bajeti na kujaa hitilafu. Mkutano huo ndio ulioeneza jina la uhandisi wa programu. Mwaka 1972 chama cha ACM cha Marekani kilipitisha kanuni za maadili, na mwaka 1999 kikishirikiana na chama cha wahandisi cha IEEE kikatoa nyingine mahususi kwa wahandisi wa programu, zikitanguliza maslahi ya umma. Anayesoma kanuni hizo peke yake atadhani kwamba dhamiri ya taaluma ilikomaa yenyewe. Matukio yanasema vingine. Wahandisi wamefundishwa zaidi na watu walioumia kuliko na kamati zao, na wajibu uliochelewa sana kutambuliwa ni ule wa kumsikiliza mlalamikaji kabla ya kuitetea mashine.

Ushahidi wa mapema ni Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoundwa na AECL, kampuni ya serikali ya Kanada. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya kimitambo dhidi ya hatari hiyo. Katika hii, ulinzi mkubwa uliachiwa programu. Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mhudumu alichapa x ya eksirei badala ya e ya elektroni, akarudi upesi kusahihisha. Skrini ikaonyesha hitilafu namba 54, ujumbe usiomweleza kitu, naye akabonyeza P ili kuendelea, kama walivyozoea. Mgonjwa alihisi kama amepigwa na umeme. Kampuni ilishikilia kuwa mashine yake haiwezi kuzidisha dozi. Aprili akaumia mgonjwa wa pili hospitalini hapohapo. Ndipo mwanafizikia wa hospitali na mhudumu yule walipokaa kwenye kibodi, wakachapa na kurudia kuchapa mpaka wakalinasa kosa: lilijitokeza pale tu masahihisho yalipofanywa haraka. Wahandisi wa kampuni walishindwa kuliona hadi walipoambiwa wachape kwa kasi hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ingetarajiwa kwamba somo hilo lingeenea. Lakini kuanzia 1999, Shirika la Posta la Uingereza lilipoanza kutumia Horizon, mfumo wa hesabu wa Fujitsu, mawakala wake walidaiwa upotevu wa fedha ambao haukuwapo. Wengi waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa kuwa tatizo hilo ni lao peke yao. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa, huku sheria ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama Kuu ilithibitisha kasoro za mfumo huo Desemba 2019, na hukumu nyingi zikafutwa kwa sheria ya Bunge mwaka 2024. Hapa kosa la hesabu lilikuwa nusu tu ya madhara. Nusu ya pili ilitokana na walioujua mfumo kwa ndani kunyamaza wakati wengine wakifungwa kwa ushahidi wake.

Wapo watakaosema kuwa mhandisi huandika alichoagizwa, na akikiandika bila kosa amemaliza kazi yake. Ndege za Boeing 737 MAX zinajibu hoja hiyo. Programu ya MCAS ilifanya ilichopangiwa: ilisukuma pua ya ndege chini, ikitegemea kihisi kimoja ambacho kingeweza kudanganya. Watu 189 walikufa ndege moja ilipoanguka Indonesia Oktoba 2018. Ndege za aina hiyo zikaendelea kuruka, na Machi 2019 wakafa 157 katika safari ya Addis Ababa kwenda Nairobi, 32 kati yao Wakenya. Hoja nzito zaidi ni kwamba mhandisi ni mwajiriwa, na uamuzi uko kwa wakubwa. Ni kweli, ila mgawanyo wa lawama haumfuti mtu. Mwaka 2017, katika kesi ya programu iliyodanganya vipimo vya moshi wa magari ya Volkswagen, mahakama ya Marekani ilimpa mhandisi mmoja kifungo cha miezi 40 na meneja miaka 7. Mwenye madaraka alibeba zaidi, na mwenye ujuzi naye akabeba lake.

Afrika Mashariki inayo nafasi ya kuanzia mbele ya makosa hayo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kuwa utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma ulikiuka sheria kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanywa kwanza. Tanzania nayo ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Hata hivyo tathmini ya kabla haiwezi kuona kila kitu. Hata kosa la Tyler lilifichuliwa na waliokuwa wakiitumia mashine. Kwa hiyo anayenunua mfumo wa hospitali, benki au uchaguzi asiridhike na cheti cha ubora. Aulize pia malalamiko ya watumiaji yatamfikia mhandisi gani, na mhandisi huyo ana uwezo gani wa kuusimamisha mfumo.