Kidole cha Wino na Moyo wa Toba

Chukueni Biblia zenu mfungue Injili ya Mathayo, sura ya 21, kuanzia mstari wa 28 hata wa 32. Yule ambaye Biblia yake iko mbali, asikilize tu.

Ni habari ya baba mwenye shamba la mizabibu na wana wawili. Mmoja alikataa kwa kinywa, kisha akageuka moyoni akaenda kazini. Wa pili alijibu vizuri sana, kwa adabu yote, wala hakwenda. Bwana Yesu akawauliza wazee wa Hekalu ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba yake. Walijibu sawasawa, na jibu lao wenyewe likawahukumu.

Leo tungependa kuwachukua hadi Nchiru, huko Meru. Wengi wenu mmepita pale mkiwa katika basi la kwenda Maua. Siku hizi mtu akitaja Nchiru, vijana hufikiri juu ya chuo kikuu, maana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko hapo. Lakini wazee wa Tigania na Imenti wakisikia Nchiru hufikiri kwanza juu ya nyumba ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Shauri la ardhi, la damu, la mali ya ndoa, yote yameletwa mbele ya wazee hao, na neno lao lilikuwa neno. Mtu aliyekaidi alilipa faini, na aliogopa laana kuliko alivyoogopa faini.

Basi mwezi wa Aprili mwaka 1956, Njuri Ncheke walitoa amri kwamba tohara ya wasichana ikome katika Meru. Hebu fikirini uzito wa jambo hili. Hawakuwa wageni waliosema, wala mzungu mwenye kofia. Walikuwa wazee wenyewe, walinzi wa mila, na walikubaliana kwa sauti moja. Serikali ya kikoloni ilikuwa imelitaka neno hilo na ikaliunga mkono. Wakristo wengi walifurahi, wakidhani kazi imekwisha.

Je, ilikwisha? Katika muda wa miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana na wanaume na wanawake, walishtakiwa mbele ya mahakama za Kiafrika kwa kuivunja amri ile. Wasichana walinunua nyembe dukani, wakaenda vichakani makundi kwa makundi, wakatahiriana wao kwa wao bila mwalimu wala mzazi. Watu wakawapa jina la Kimeru, Ngaitana, maana yake ni nitajitahiri mwenyewe. Baba walilipa faini, na mama pia. Mabinti wengine walikatwa mara ya pili na wanawake wazee, kwa kuwa kazi ya watoto wenzao haikukubaliwa.

Tusiwacheke wasichana wale. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba mwaka 1952. Watu wengi wa pande zote za Mlima Kenya walikuwa wameondolewa mashambani na kukusanywa katika vijiji vya ulinzi. Baba wengine walikuwa kizuizini, wengine msituni. Amri ya kuacha tohara ilifika ikiwa imeshikwa na mkono uleule ulioshika pasi na bunduki. Tena wengine wa mabinti hao, walipoulizwa wakiwa bibi vizee katika miaka ya 1990, walieleza kwamba walitaka kuhesabiwa kuwa wanawake kama dada zao na mama zao, wasibaki kuitwa watoto maisha yao yote. Hakuna aliyewapa njia nyingine ya kuwa wanawake. Walinyang'anywa mlango mmoja, na mwingine haukufunguliwa.

Hapo ndipo sisi wa makanisa tunapaswa kunyamaza kidogo tujitazame, kwa maana jambo hili halikuanzia kwa wazee wa Nchiru. Lilianzia kwetu.

Wamethodisti walianza kazi yao Meru mwaka 1912, wakajenga Kaaga. Mwaka 1922 Dakta Archibald Irvine wa misheni ya Kanisa la Skoti alifika Chogoria, akaanzisha kazi ya uganga na mahubiri ambayo matunda yake tunayaona hata sasa. Waliwafundisha watu kusoma, wakawatibu, wakawapenda. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini ilipofika mwaka 1929, misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu na jirani zake ziliamua kwamba kila mshirika aape kuiacha tohara ya wasichana, na aonyeshe kiapo chake kwa alama. Mtu alichovya kidole gumba katika wino, akakibandika juu ya karatasi. Jambo hilo likaitwa kirore. Aliyekataa alitengwa na meza ya Bwana, na mara nyingi mtoto wake alipoteza nafasi shuleni.

Matokeo yake mnayajua. Makanisa yalibaki matupu, Chogoria kama kwingineko. Wimbo wa Muthirigu uliimbwa njiani kuwadhihaki wamisheni na wale waliobaki nao, hata serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Watu wakajenga shule zao wenyewe na makanisa yao wenyewe. Wachache waliotia kidole walisimama kweli, wakatukanwa na ndugu zao, wakavumilia. Hao tunawaheshimu. Lakini wako wengine waliotia kidole mchana, na usiku wakampeleka binti kwa shangazi ng'ambo ya mto. Ndiye yule mwana wa pili aliyemwitikia baba yake vizuri.

Msitusikie vibaya. Wamisheni hawakukosa katika kuichukia ile desturi. Mabinti walitokwa damu, wengine walikufa katika kujifungua, na Dakta Irvine na wenzake waliyaona hayo hospitalini kwa macho yao. Kosa, kwa kadiri tunavyoona sisi, ni kwamba waliomba kidole kabla ya kungoja moyo. Wino hukauka upesi sana. Moyo wa mtu huchelewa.

Neno lenyewe toba hebu tulitazame. Katika Kiebrania cha manabii, kutubu ni kurudi, kama mtu aliyepotea njia ageuzavyo miguu yake kuelekea nyumbani. Katika Kiyunani cha Agano Jipya ni kugeuza nia. Yote mawili yanahitajiwa. Mtu anaweza kugeuza miguu kwa kuogopa polisi, na nia yake ikabaki ilipokuwa. Tena mtu anaweza kulia machozi mengi kanisani, nia yake imeguswa kweli, lakini miguu isiondoke. Yohana Mbatizaji alipowahubiri watu kando ya Yordani, walimwuliza wafanye nini. Someni Luka sura ya 3. Hakuwapa karatasi. Mwenye kanzu mbili alimwambia juu ya kanzu yake, mtoza ushuru juu ya ushuru wake, askari juu ya mshahara wake na udhalimu wake. Kila mmoja alipewa jibu la mahali pake pa kazi. Ndiyo maana mahubiri ya toba yasiyofika dukani na shambani na jikoni hayamwudhi mtu yeyote.

Sasa, katika mwaka uleule wa 1929, kidole kilipokuwa kikichovya wino huku Kenya, jambo jingine lilitokea Uganda. Mwezi wa Septemba, juu ya kilima cha Namirembe, daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyekuja kutoka Gahini katika Rwanda akiwa amechoka rohoni, alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja na Biblia zao, wakaungama ukavu wao, wakaomba. Hawakuunda chama. Kutoka hapo, na kutoka Gahini, ulienea Uamsho wa Afrika Mashariki. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifanya kazi Gahini, akafariki Januari mwaka 1936 akiwa bado kijana, na wito wake kwa kanisa ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Mwaka 1937 kikundi cha ndugu kilifika Kabete, na kutoka hapo moto ulipanda taratibu kuuzunguka mlima.

Ndugu hawa, Ahonoki kama Wakikuyu walivyowaita, hawakuwa na wino. Mtu alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake kwa jina lake. Lakini kazi kubwa ilikuwa kesho yake. Mtu alibeba jembe alilomwibia tajiri wake akamrudishia. Mwingine alikwenda ofisini akasema hakulipa kodi. Mume alimwambia mke wake jambo alilomficha miaka mingi. Jirani waliokosana kwa ajili ya mpaka wa shamba walikutana juu ya mpaka wenyewe. Wenye mali waliorudishiwa walishangaa, maana wengine hata hawakujua kwamba wameibiwa. Zakayo alifanya vivyo hivyo katika Luka 19, akarudisha mara nne, bila kuamriwa.

Hali ya Hatari ilipokuja, toba hiyo ilipimwa. Wengi wa hao ndugu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine walipigwa, wengine wakauawa. Tena wengi wao walikataa bunduki ya serikali, wasitake kuwaua ndugu zao. Hivyo walichukiwa pande zote mbili. Ni rahisi kusema utii. Ni vigumu kuketi katikati ya panga na bunduki bila kushika moja.

Hata hivyo tusiwafanye malaika. Uamsho nao ulikuwa na ugonjwa wake. Kuungama kulipokuwa desturi, wengine walijifunza kuungama kama mtu anavyojifunza ubeti, wakawa na ushuhuda mmoja kwa miaka ishirini. Wengine waliwahukumu wachungaji wao na kugawanya makanisa. Sisi tunaoandika haya tumeketi katika mabaraza ya kanisa, tukawarudisha watu mezani kwa kuwa walisema maneno yaliyotakiwa, wala hatukuuliza kama yule msichana aliyedanganywa amepata msaada wa kumlea mtoto. Tuliridhika na kinywa. Tulikuwa na karatasi yetu ya wino, ila haikuonekana.

Turudi katika nchi ya Meru. Kutoka Nchiru ukiteremka mashariki, ukaacha ndizi na chai nyuma yako, utafika Tharaka, nchi kavu ya mtama na mbuzi. Huko Gatunga, mwezi wa Agosti mwaka 1996, familia kama thelathini zilifanya jambo ambalo amri ya 1956 haikuweza kulifanya. Mama walikuwa wamekutana muda mrefu pamoja na wanawake wa Maendeleo ya Wanawake, wakasema wazi mambo yaliyowapata wao wenyewe, mambo ambayo mama hakumwambia binti wala mke hakumwambia mume. Baba nao walishirikishwa. Kisha mabinti wakawekwa faragha siku chache, wakafundishwa na wanawake waliowaamini juu ya mwili, ndoa, heshima na kazi, na mwisho wakatoka kwa nyimbo, zawadi na karamu mbele ya kijiji kizima. Hawakukatwa. Desturi hiyo mpya wakaiita ntanira na mugambo, yaani tohara kwa maneno. Mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa, miaka arobaini baada ya ule wa kwanza kufungwa.

Angalieni tofauti. Mama wa Gatunga walianza kwa kusema ukweli juu ya jeraha lao na juu ya sehemu yao wenyewe, maana wengi wao walikuwa wamewapeleka binti zao wakubwa. Halafu wakageuza miguu, wakiwa pamoja, ili asiwepo binti atakayechekwa peke yake kisimani.

Nchi nayo imetunga sheria. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliwakinga wasichana, na ile ya mwaka 2011 ilipiga marufuku ukeketaji kwa kila mtu. Mwaka 2009 wazee wa Njuri Ncheke walitoa tena tamko la kuukataa, na kuahidi faini. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wanawake 38 kati ya kila 100 wa Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 15. Hesabu hiyo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini wako wanaofanya usiku, kwa watoto wadogo kuliko zamani, milango ikiwa imefungwa, na baadhi yao Jumapili huketi pamoja nasi katika benchi la mbele.

Kama wewe unayesikiliza ni mmoja wao, hatutakuomba utie kidole mahali popote. Binti yako mdogo yuko wapi wakati huu? Likizo ya Agosti inakuja. Shangazi wa ng'ambo ya mto amekwisha kutuma salamu kwamba anamngoja. Nenda leo, kabla ya jua kutua, ukamwambie kwamba mtoto hatakuja, ukamweleze na sababu. Na kama umempeleka mmoja tayari, rudi nyumbani uketi naye, umwambie ulimkosea.