Kuihamisha Bahari

Miaka kadhaa iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu hadi ufukwe wa Msambweni wakati wa maji kupwa. Katika vidimbwi vilivyosalia miambani waliona samaki wadogo wa rangi nyingi, wakawakamata watatu, wakawatia katika ndoo ya maji ya bahari na kuwaleta shuleni. Jioni ile kila mtu alikuja kuwatazama. Asubuhi yake samaki wote watatu walikuwa wamekufa. Mvulana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, maji ni yale yale, na samaki ni wale wale. Kimewaua nini?" Sikuwa na jibu la kuridhisha siku ile. Insha hii ni jibu langu lililochelewa.

Swali la mvulana yule si jipya. Katika mwaka 1832, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanamke wa Kifaransa aliyeitwa Jeanne Villepreux-Power alitengeneza hodhi la kioo ili amtazame argonauti, mnyama wa jamii ya pweza, akiwa hai. Wataalamu wa siku zile walibishana kama mnyama huyo hujitengenezea gamba lake au huliiba kwa mwingine. Kwa kumlea na kumtazama kwa saburi, bibi huyo alithibitisha kuwa hujitengenezea mwenyewe.

Mwaka 1850 mwanakemia wa London, Robert Warington, alieleza jaribio lake la kuweka samaki wawili pamoja na majani ya majini na konokono. Majani yaliwapa samaki oksijeni, na konokono walikula majani yaliyooza. Hivyo maji yakakaa muda mrefu bila ya kuharibika. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote. Watu wakajifunza kwamba samaki hakai peke yake: hukaa na majirani, na kila jirani ana kazi yake.

Walakini jirani aliye muhimu kuliko wote alikuwa bado hajaonekana. Samaki hutoa amonia, uchafu usioonekana kwa macho, nao ni sumu kwake mwenyewe. Karibu na mwaka 1890 Mrusi aitwaye Sergei Winogradsky alionyesha kuwa wako bakteria wanaopata uhai wao kwa kuigeuza amonia. Wengine huifanya nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huipokea nitriti na kuifanya nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga. Basi ndoo yetu ya Msambweni ilikuwa na maji ya bahari, lakini haikuwa bahari. Ilikosa mawimbi ya kuingiza hewa, tena ilikosa mawe yenye wafanyakazi hao wadogo.

Safari kubwa ya maji ya bahari niijuayo ni ile ya Chicago. Mji huo wa Marekani uko ukingoni mwa ziwa lisilo na chumvi, mbali kabisa na bahari. Jumba la samaki la Shedd lilipofunguliwa huko mwaka 1930, maji yake ya chumvi yaliletwa kwa reli kutoka Key West, ncha ya kusini ya Florida. Mabehewa 20 ya matangi yalikwenda na kurudi mara nane, yakabeba galoni milioni moja za Kimarekani, yaani karibu lita 3,800,000.

Mfano mdogo wa safari hiyo hutokea kila mwenye hodhi kubwa la maji ya chumvi anapohama nyumba. Tuseme mtu anahama Diani kwenda Nairobi. Hodhi lake la lita 500 lina maji ya uzito unaopita kilo 500; likiinuliwa limejaa, kioo kitapasuka. Hana budi kulimwaga. Samaki hukaa siku moja bila ya kulishwa, wasije wakachafua maji ya safari. Kila mmoja hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na mifuko hupangwa katika sanduku lenye giza na kuta nene za kuzuia joto na baridi. Mawe husafiri yamezama katika maji ya chumvi, kwa maana yakikauka bakteria watakufa, na hodhi jipya litakuwa kama ndoo yetu.

Afikapo Nairobi, mji ulioinuka karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na wenye usiku wa baridi, huandaa maji yenye chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, na kuyapasha joto la pwani. Mifuko huachwa ielee kwanza, kisha maji mapya huongezwa kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka: samaki aliyevumilia safari nzima aweza kufa kwa kumwagwa ghafula katika maji mageni.

Kwa ufundi wa namna hii samaki hai wa pwani ya Kenya husafirishwa mpaka Ulaya na Marekani. Wazamiaji huwakamata kwa nyavu ndogo, mmoja mmoja, na kazi hiyo huwapa riziki ya halali. Lakini miongoni mwa wanaochukuliwa yuko samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye kazi yake ni kuwala chawa walio miilini mwa samaki wengine. Wakubwa humwendea na kusimama wakingoja zamu, kama wagonjwa mbele ya tabibu. Anunuliwaye kwa uzuri wake huacha nyumbani kazi isiyo na mtu.

Hapo historia inatuonya. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse alitoa kitabu juu ya mahodhi ya maji ya bahari, na watu wengi wakashikwa na shauku ya kuyaweka majumbani. Walimiminika ufukweni na vikapu na nyundo. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwa majonzi kwamba vidimbwi alivyovijua utotoni vilikuwa vimeporwa vyote. Aliyewafundisha watu kuipenda bahari alisaidia, bila ya kukusudia, kuikomba.

Kwetu Kwale tuna nafasi ya kutenda vema zaidi. Tangu mwaka 1973 bahari ya Kisite, kusini ya kisiwa cha Wasini, imekuwa hifadhi isiyovuliwa, na jirani yake Mpunguti huruhusu uvuvi wa jadi tu. Tumekwisha kuonjeshwa hasara: mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe na kufa. Hapo hapakuwa na fundi wa kuyapoza maji. Sisemi mzamiaji anyang'anywe riziki yake. Nasema achukue kwa kiasi ambacho mwamba waweza kukirudisha, na yule tabibu mdogo aachwe kazini.

Siku hizi tukienda Msambweni hatuchukui ndoo. Tunachuchumaa kando ya kidimbwi, tunahesabu majirani tuwaonao, na tunawakumbuka wale tusioweza kuwaona. Maji yakianza kujaa, tunaondoka mikono mitupu, na samaki wanabaki kwao.