Nafasi ya Kitanda

Mama alinipigia Jumapili jioni akasema ana miadi ya macho Nairobi siku ya Alhamisi, na kwamba atalala kwangu siku mbili. Nikamwambia karibu sana, Mama. Nilipokata simu nikageuka kuiangalia keja yangu. Kitanda cha futi tatu na nusu, stuli ya plastiki, meza ya laptopu, meko ya gesi, ndoo tatu za maji. Kuta nne ninazozilipia shilingi 6,500 kwa mwezi. Mama angelala kitandani, hilo halina mjadala. Mimi je?

Utasema, si ulale chini tu? Nani hajawahi kulala chini? Nikiwa chuo, kabla karo haijanishinda nikaacha mwaka wa tatu, nililala chini mihula miwili katika chumba cha rafiki. Tulikuwa tunaitwa mapairati, yaani wale wasio na chumba wanaojibanza kwa walio nacho. Kulala chini nakujua. Lakini sikutaka Mama aamke usiku aniruke kama gunia la mahindi akienda chooni. Tena kulikuwa na jambo lingine: Mama hakujua kwamba nimeacha chuo. Mwaka mzima nilikuwa nikimwambia ninamalizia utafiti. Nilitaka aingie katika nyumba ya mtu ambaye mambo yake yanaenda. Basi nikaanza kutafuta sofa bedi.

Nilimpigia mjomba anikopeshe kidogo. Nilipomweleza ninachotaka kununua, akacheka. "Babu yako angekuwa na hicho kitu," akasema, "mama yako angezaliwa Nairobi."

Nilikuwa najua Babu alifanya kazi Nairobi, ila sikuwahi kuuliza alikuwa analala wapi. Mjomba akanieleza. Miaka ya 1950 Babu alikuwa kibarua wa manispaa, akipanga Shauri Moyo, chumba kimoja na wanaume wengine watatu. Nyanya alikuja kumtembelea kutoka Vihiga mara mbili tu. Wakifika usiku, Babu anafunga shuka kwenye kamba kuzunguka kitanda chake, na wale wenzake wanatoka nje kuvuta sigara mpaka wachoke. Mara ya pili Nyanya alikaa siku moja, akarudi nyumbani, akasema hatakuja tena kulala kama mwizi. Babu alikuwa na kitanda Nairobi kwa miaka tisa. Nyumba hakuwahi kuwa nayo.

Nilidhani hiyo ni habari ya umaskini tu. Watu walikuwa maskini, vyumba vikawa vidogo, ndiyo maisha. Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika mjini kama mgeni wa kazi. Aje, afanye kazi, arudi kwao. Mke na watoto wabaki kijijini, walime, wajilishe. Kwa hivyo nyumba za Waafrika hazikuhesabiwa kama nyumba. Zilihesabiwa kwa nafasi za kitanda. Ofisa angeandika kwamba mtaa fulani una nafasi kadhaa za kitanda, na hapo kazi yake imekwisha. Shauri Moyo yenyewe ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Waafrika cha Pangani kilipobomolewa. Katika Pangani ya zamani watu walikuwa wamejijengea nyumba zao, na baadhi ya waliozimiliki walikuwa wanawake. Walipohamishwa, mwenye nyumba akageuka mpangaji wa manispaa.

Mishahara nayo ilifuata hesabu hiyohiyo. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ile inayojulikana kama Kamati ya Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia. Ikapendekeza uongezwe pole pole mpaka ufikie mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto. Mwaka huohuo, Aprili, Operesheni Anvil ikapita Nairobi: maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa na kupelekwa kizuizini, na wanawake na watoto wengi wakarudishwa kwa nguvu mashambani. Kamati inasema mfanyakazi anahitaji familia. Askari wanapakia familia kwenye lori. Katikati ya hayo mawili ndipo Babu alipokuwa amefunga shuka lake.

Sasa usinielewe vibaya. Chumba kidogo si tusi. Nyumba za mawe za zamani kule Lamu zina vyumba vyembamba sana, kwa sababu dari inashikiliwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Lakini watu wa Lamu waliufanya ule wembamba ukakaa vizuri. Walichonga zidaka ukutani za kuweka vyombo, wakatundika pazia mwisho wa chumba kupata pa kulala, wakajenga baraza mlangoni ambapo mgeni anakaa mchana na, ikibidi, analala usiku. Aliyejenga nyumba ile alijua kuna mke, kuna watoto, kuna mgeni. Aliyejenga chumba cha Babu alijua kuna mwili mmoja unaohitaji kulala ili kesho ubebe mawe.

Ndiyo maana kitanda cha kukunja kilinivutia zaidi ya vile nilivyotarajia. Nilikuwa natafuta bei, nikajikuta nasoma historia.

Tarehe 14 Julai 1885, mwanamke Mweusi wa Chicago aitwaye Sarah E. Goode alipewa hataza ya serikali ya Marekani kwa uvumbuzi wake: kitanda kinachokunjwa kikawa dawati. Ni mmoja wa wanawake Weusi wa kwanza nchini humo kupata hataza. Alikuwa na duka la fanicha, na wateja wake wengi waliishi katika vyumba vidogo. Angeweza kuwatengenezea kitanda chembamba tu, akauza. Lakini yeye aliwatengenezea dawati, lenye sehemu za kuweka kalamu na karatasi. Hilo dawati nimelifikiria sana. Mwenye nyumba alimhesabu mpangaji kama mtu wa kulala. Goode alimhesabu kama mtu ambaye, akiamka, ana barua ya kuandika.

Baada yake akaja William Murphy wa San Francisco, mwanzoni mwa karne ya 20, na kitanda kinachosimama ndani ya ukuta. Husimuliwa kwamba aliishi chumba kimoja na alitaka kumkaribisha msichana aliyempenda, lakini heshima ya siku hizo haikuruhusu binti kukaa katika chumba chenye kitanda wazi. Basi akakificha kitanda. Jina lake lilienea kiasi kwamba mwaka 1989 mahakama ya Marekani iliamua "Murphy bed" limekuwa neno la kila mtu. Kisha mwaka 1931 Bernard Castro, mhamiaji kutoka Italia, akafungua karakana New York ya sofa zinazogeuka vitanda. Tangazo lake lililojulikana sana kwenye televisheni lilimwonyesha bintiye wa miaka minne akiifungua sofa peke yake. Ujumbe ulikuwa rahisi: hata mtoto anaweza.

Muuzaji mwanamke Mweusi, mwanamume wa chumba kimoja, mhamiaji. Hakuna aliyekuwa anaishi kwenye jumba la kifahari. Fanicha hii ilibuniwa na watu walioambiwa nafasi yao ni ya kitanda tu, wakakataa.

Haya, turudi Nairobi, maana Alhamisi ilikuwa inakaribia.

Kosa la kwanza nililifanya Jumatatu. Niliagiza sofa bedi mtandaoni kwa duka moja ambalo sitalitaja. Kwenye picha ilikuwa malkia. Ilipofika, sponji ilikuwa nyepesi kama mkate wa jana, na nilipoikalia nilihisi mbao. Nashukuru sikuwa nimelipa kabla ya kuiona. Kijana wa pikipiki aliirudisha akinilaani.

Jumanne nikaenda Gikomba kwa mafundi, nikiwa na akili kidogo. Kwanza nilikuwa nimepima. Sikuwa na tepu, nikatumia karatasi ya A4, ambayo urefu wake unakaribia futi moja. Chumba changu ni karatasi kumi kwa kumi, toa mahali mlango unapofungukia, toa meko. Usipime sofa ikiwa imekunjwa, pima ikiwa imelala. Sofa ya futi tatu kwenda mbele inaweza kufika futi sita ikifunguliwa, na hapo ndipo watu wengi hugundua kwamba mlango haufunguki mgeni akilala. Pima na ngazi pia. Mimi nakaa orofa ya nne na ile kona ya orofa ya pili haina huruma. Tafuta ambayo miguu yake inatoka.

Fundi aliniambia ziko za aina tatu. Kuna ya kulaza mgongo: unauinua ukisikia mlio, kisha unaushusha mpaka ulingane na kiti. Ni rahisi na bei yake si mbaya, ila ina mstari katikati ambao uti wa mgongo wako utaujua. Kuna ya kuvuta, ambayo kitanda kinatoka tumboni mwa sofa. Hiyo godoro lake mara nyingi ni jembamba, na kuna chuma kinachopita chini ya kiuno. Ya tatu ni ya kukunjua, sponji tupu inayolala sakafuni. Haina chuma cha kuvunjika, lakini ukiwa nyumba yenye unyevu, chini itaota ukungu usipoiinua kila siku.

"Unalalia wewe kila siku ama mgeni?" akaniuliza. Hilo ndilo swali. Ya kila siku, weka pesa kwenye sponji. Sponji nzuri hupimwa kwa uzito, kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Usipoweza kupima, bonyeza kwa kiwiko na uzito wako wote. Ukigusa mbao, ondoka. Ya mgeni, weka pesa kwenye bawaba, kwa sababu hizo ndizo zinazokufa kwanza. Ifungue na uifunge mara kumi mbele ya fundi, asikuharakishe. Kisha ulale. Usione aibu. Nililala pale katikati ya Gikomba, mikokoteni ikipita, mama wa chai akinicheka.

Nilichukua ya kulaza mgongo, yenye sanduku la kuweka blanketi chini ya kiti, kitambaa kinachotoka kwa zipu. Alianza na 17,000, tukashukiana mpaka 13,500. Ya mjomba ilikuwa 8,000.

Jioni hiyo nikamtumia picha binamu yangu aliye Dubai. Akanijibu kwa sauti, akicheka: "We una bahati, buda. Mimi hapa nalipia bedi spesi." Huko ndivyo kunavyoitwa. Chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, kila mtu analipia kitanda chake na pazia lake. Nikaisikiliza ile sauti mara mbili. Nafasi ya kitanda. Babu Shauri Moyo na mjukuu wake ng'ambo wanalipia kitu kilekile, kwa jina lilelile, miaka 70 baadaye.

Mama alifika Alhamisi na dawa ya macho na kuku wawili wa kuchinjwa. Alizunguka chumba kwa hatua tatu, akaketi kwenye sofa, akaipiga piga. Usiku nilipoishusha akasimama kuangalia, kisha akaniambia nilale kitandani kwangu, yeye anataka hapo. Nikakataa. Akasema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wacha nijue."

Tukazima taa. Kati ya kitanda changu na sofa hapakuwa na nafasi ya karatasi moja. Ukiwa karibu hivyo na mtu, huwezi kumdanganya kwa sauti kubwa, na kwa sauti ndogo ni vigumu zaidi.

"Mama, niliacha chuo."

Akanyamaza muda. Nikasikia bawaba zikilia akigeuka. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Karo."

"Na hii umenunua na nini?"

"Kuandika. Na mjomba."

Hakusema sawa, wala hakusema pole. Alilia kidogo, halafu akaniambia kuna mstari katikati unamchoma mgongo, nimtafutie blanketi nyingine. Nikamtandikia.

Asubuhi aliikunja mwenyewe. Mara ya kwanza haikushika, mara ya pili ikashika. Akaweka chai juu ya stuli, akaketi, akampigia Nyanya, ambaye sasa ana karibu miaka 90 na simu huishikia mbali na sikio. Mazungumzo yao kuhusu chuo yaliendelea kwa Kilogooli na sikuyapenda. Lakini mwisho Mama alipaza sauti ili asikike, akamwambia huku Nairobi kwa mtoto kuna mahali pa kulala mgeni, na hakuna shuka kwenye kamba.