Vita vya Panzi Tumboni

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Methali hii twaijua wote, ila wachache wanajua kwamba vita hivyo hupiganwa tumboni mwetu, tena tunavianzisha wenyewe kwa kumeza kidonge.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1928, jijini London, Alexander Fleming aliona ukungu umeota kwenye kisahani chake cha bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nao wamekufa. Hapo ndipo ilipoanzia penisilini. Kufikia katikati ya miaka ya 1940, dawa hiyo ilikuwa inaokoa watu ambao jamaa zao walishakata tamaa.

Kumbe kulikuwa na la pili! Antibiotiki nyingi hazichagui: zinaua bakteria mwovu, zinaua na yule mwema anayelinda utumbo. Panzi wakiisha, kunguru anashuka. Huyo ni kandida, fangasi anayeishi mwilini kimyakimya. Akipata nafasi anatandaza utando mweupe mdomoni, au anamtesa mwanamke kwa muwasho.

Wamarekani wawili, Elizabeth Hazen wa New York na Rachel Brown wa Albany, walimsaka kunguru huyo kwa kutumiana sampuli kwa posta. Ndani ya udongo wa shamba moja huko Virginia walikuta kiumbe kinachotengeneza sumu ya fangasi. Mwaka 1950 wakaitangaza dawa yao, nistatini, jina lililotokana na jimbo lao la New York. Mamilioni ya dola yaliyopatikana waliyaacha yaendeleze utafiti.

Lakini wako waliowaza kinyume: badala ya kuua, tupande. Mwaka 1907, Elie Metchnikoff aliandika kutoka Paris akisifia bakteria wa maziwa ya mgando. Miaka ya 1920, Mfaransa Henri Boulard alikuwa Indochina wakati wa kipindupindu. Aliona watu wakinywa maji ya maganda ya matunda kutuliza kuhara, akapata humo hamira ambayo leo inauzwa ndani ya vidonge. Viumbe rafiki wa namna hii ndio tunaowaita probiotiki.

Sasa ndugu msomaji, kaa chonjo. Bakteria rafiki akimezwa pamoja na antibiotiki anaweza kufa naye, ndiyo maana hushauriwa kuachanisha kwa saa mbili au zaidi. Hamira ya Boulard haidhuriki na antibiotiki, kwa kuwa yenyewe si bakteria, ni fangasi. Basi ukimeza na nistatini, umemwajiri mlinzi asubuhi na kumpiga risasi jioni. Na kwa mgonjwa mahututi, au mwenye kinga dhaifu, hamira hiyo hiyo inaweza kuingia kwenye damu ikawa adui.

Kwa hiyo pale dirishani kwa mfamasia usione haya. Taja dawa zote unazotumia, kisha uliza: humu ndani mna bakteria au mna hamira? Swali hilo halina bei, na tumbo ni lako.